Viatu Mlangoni kwa Mama Tumu

Sogeeni, aliye nyuma asije akanilaumu. Mama Tumu, mpaka hina wa ghorofa ya tatu, alijua kugeuka chochote. Magharibi moja, watu watatu wanaogeuka fisi walikuja kumla bintiye. Wakabisha hodi, kimya. Wakabisha tena, kimya. Hodi ya tatu isipoitikiwa mgeni huondoka, na hata fisi hao waliheshimu hilo. Lakini Tumu, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaitika, "Karibuni."

Wakavua viatu, wakaingia, manyoya yakiwaota. Mama akasimama mbele ya mwanawe, akakua, akakua, akakua, mpaka simba jike akajaa chumba kizima na kuta zikatetemeka kwa pumzi yake. Wakakimbia, viatu wakaviacha.

Asubuhi, jirani zake watatu, wazee wa rika la baba yake, walishuka ngazi pekupeku.

"Shikamoo, Mama Tumu," wakamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Vaeni viatu vyenu."