Mkate wa Pili wa Paesi

Wazee wetu katika imani, Mungu awape raha ya milele, wametuachia kisa cha mtawa mmoja wa jangwa la Misri aliyeitwa Paesi, nami kila nikikisimulia moyo hunienda mbio kana kwamba nilikuwepo siku ile.

Paesi alikuwa mwokaji wa mikate ya madhabahu. Kazi hiyo ilikuwa na taratibu zake. Mwokaji huoka akiwa amefunga, huku akiimba zaburi, na chumba cha tanuri hakiingii mtu mwingine. Mikate hupelekwa ibadani saba, au mitano, au mitatu, kamwe si sita wala minne, na kati ya hiyo huchaguliwa mmoja ulio mzuri kuliko yote uwe wa Meza ya Bwana. Tena katika monasteri ile palikuwa na sharti moja zaidi: donge moja la unga ni sadaka moja. Mkate mmoja ukiliwa kabla ya ibada, yote iliyobaki si sadaka tena. Miaka tisa Paesi aliyashika hayo bila kuteleza, na wenzake walimwamini hata hawakuwa na habari ya kumchungulia.

Ikaja siku ya kuweka wakfu kanisa jipya. Lo, siku gani hiyo! Watu walimiminika kutoka vijiji vya mtoni, wote wamefunga tangu jana yake, kina mama wakipiga vigelegele, vikongwe wamepandishwa punda. Askofu Teona mwenyewe aliwasili juu ya ngamia mkaidi aliyegoma kupiga magoti mbele ya umati mzima. Watu walicheka, naye askofu akacheka huko huko juu. Jangwa lile lilikuwa halijapata kuona furaha kama ile.

Paesi peke yake, ndani ya chumba cha tanuri, hakuwa na furaha. Siku tatu nyuma msafiri mmoja alimletea habari kwamba mama yake amefariki na ameshazikwa. Hakumwambia mtu. Alidhani mtawa aliyeiacha dunia hana ruhusa ya kumlilia mama. Basi alipoitoa ile mikate saba tanurini, harufu ikamvaa, ile ile ya asubuhi za nyumbani kwao, mama akimmegea kipande cha moto na kumwambia, "Kula, mwanangu, kabla hakijapoa." Mkono ukaenda wenyewe. Alikula mkate mzima amesimama, machozi yakimtiririka.

Alipozinduka, iliyobaki ilikuwa sita. Sita! Nje askofu yuko tayari, watu ni mamia, na sinia ina mikate sita. Angesema kweli pale pale, jambo lingekuwa dogo. Lakini aibu ilimshinda, akafanya lile ambalo ni mwokaji wa madhabahu tu angeweza kulifikiria: akala na wa pili, ili ibaki mitano. Huo wa pili haukuwa na mama ndani yake. Aliumeza kwa hofu, kisha akafunika sinia kwa kitambaa cheupe akatoka.

Wimbo ukapanda, uvumba ukajaa kanisani. Paesi akasimama mbele ya madhabahu ameshika sinia, na Askofu Teona akanyoosha mkono kuchagua. Paesi akinyamaza, watu hawa watarudi makwao wameridhika na hakuna atakayejua. Akisema, ameiharibu siku yao na tanuri hataliona tena. Lakini angewezaje kuwalisha uongo wake badala ya mkate wa Bwana?

"Baba Askofu, usiguse!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, wimbo ukakatika. "Ilikuwa saba. Miwili nimeila mimi."

Pakazuka zogo. Mjane mmoja aitwaye Tabita, aliyetembea siku mbili kuja kuiona siku hiyo, akasonga mbele. "Umekula, na sisi je? Hebu itazame miguu yangu ilivyovimba! Hata watoto wamefunga, na wewe mtunza mkate hukuweza kungoja saa moja?"

Alichosema mjane yule kilikuwa kweli tupu.

Askofu akamuuliza kwa upole, "Wa kwanza uliula kwa nini, mwanangu?"

"Mama yangu amekufa, Baba. Ulinukia kama wa kwake."

"Na wa pili?"

"Ili usijue nimekula wa kwanza."

"Ukashiba?"

Paesi akatikisa kichwa. "Hapana, Baba. Njaa iko pale pale."

Askofu akawageukia watu. "Mmesikia, wanangu? Mikate miwili mizima, na njaa iko pale pale! Hamu hiyo Mungu ndiye aliyetuumba nayo, ili tumtafute yeye. Kumlilia mama si dhambi. Dhambi ni pale ndugu yetu alipojifungia na njaa yake, akaishibisha kwa kitu kisicho chake, kisha akaificha. Nani kati yetu hajawahi kujifungia hivyo?"

Kisha askofu akapandisha mikono ya kanzu yake. "Mimi bado nimefunga. Tanuri liko wapi?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo sikukuu ilipoanza hasa! Askofu alikanda unga kwa mikono yake, watu wamesongamana mlangoni, na Tabita akashindwa kujizuia: "Maji yamezidi, Baba Askofu! Ongeza unga!" Kicheko kiliwatoka wote. Wakaimba wakingoja unga uumuke, jua likafika utosini, wala hakuondoka mtu. Walionung'unika zaidi ndio walioimba kwa sauti kubwa zaidi.

Paesi, kwa kuwa amekula, hakuweza kushiriki Meza ya Bwana siku ile. Alikaa nje ya mlango akisikiliza, akamlilia mama yake waziwazi kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemkataza. Ibada ilipokwisha, mikate ile mipya ambayo haikuchaguliwa ikamegwa na kugawiwa watu iwe baraka. Tabita akatoka na kipande chake, akichechemea, akaketi karibu naye.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Taisi."

Akakimega kipande chake nusu kwa nusu. "Basi tule, tumkumbuke Taisi."

Nusu ile haikujaza hata kiganja. Paesi aliila mbele ya macho ya watu wote, akashiba.

Ewe msikilizaji, usiionee haya njaa yako mbele za Bwana. Itoe nje, hata kama wimbo utakatika na watu watakunung'unikia. Kristo hakumfukuza mtu mezani pake kwa kosa la kuona njaa. Amina.