Pimbi na Sikio la Mama Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kupika kwenye vyungu, mto ulifurika ukazoa kijiji kizima. Mashamba, mabanda, vitanda, vyote vikaenda na maji. Wanyama wakakimbilia kilimani, wakajibanza chini ya maturubai, watoto wanalia njaa.

Mama Tembo, aliyeishi mbali huko nyanda za juu, akasikia. Ni mama mwenye huruma, hilo siwafichi. Akaja mwenyewe na magunia ya kwanza ya mahindi na maharage, akamteua Bwana Fisi awe mgawaji, maana Fisi alikuwa na nguvu za kubeba na alijua kusema na wakubwa. Akamvika kizibao chekundu ili kila mmoja amtambue.

Mimi Fisi huyu simpendi, nawaambia mapema.

Mama Tembo akaweka na jambo jingine. Kilimani palikuwa na gogo kubwa lenye tundu. Akasema, "Hili ndilo Sikio langu. Mwenye malalamiko aje aseme humu. Kasuku atakaa ndani, atashika kila neno, ataniletea mimi peke yangu."

Wanyama wakapiga vigelegele. Mama Tembo akarudi kwake.

Haukupita muda, chakula kikaanza kupungua. Magunia yalifika yamejaa, lakini bakulini kikaanguka kiganja tu cha mahindi. Na si hilo tu. Fisi aliwaambia kina mama wenye mabinti wakubwa, "Mtume binti yako jioni aje anioshee vyungu, nami nitakuongezea."

Binti wa Swala alikwenda. Alirudi analia, akajifunika kanga gubigubi. Tangu siku ile, akisikia sauti ya Fisi, anatetemeka. Hakusema kilichompata, na majirani hawakumwuliza. Hapo nawalaumu, kwa kweli.

Kisha Fisi akafika kwa Mama Tunu, digidigi mjane mwenye watoto wengi.

"Hodi hapa! Mama Tunu, habari za watoto?"

"Nzuri, Bwana Fisi."

"Naona Tunu amekua. Vyungu vyangu vimejaa masizi. Mtume."

"Tunu ana kazi hapa nyumbani, Bwana."

"Kazi gani? Kuchemsha maji matupu?" Fisi akacheka, kwi kwi kwi, akaenda zake.

Mama Tunu akasubiri njia iwe tupu, akaenda kwenye gogo. Akaingiza mdomo tunduni, akanong'ona yote: magunia, vyungu, machozi ya binti wa Swala. Akarudi nyumbani roho imetulia kidogo.

Maskini! Siku ya mgao, zamu yake ilipofika, Fisi akainama mpaka pua ikamgusa sikio.

"Ati mimi naiba magunia? Ati binti wa Swala alirudi analia? Umesema vizuri, mama. Leo huna chakula. Kesho Mama Tembo anakuja kukagua. Akishaondoka, jioni nimwone Tunu mlangoni kwangu. La sivyo, hata punje hutaiona tena."

Mama Tunu akarudi na bakuli tupu, akakaa chini pwa!

Jirani yake alikuwa Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe. Mkia hana, lakini ulimi anao, na akili anayo. Akaja mbio.

"Shoga yangu, kulikoni?"

Mama Tunu akamweleza kila kitu. Pimbi akakunja uso.

"Ulimwambia nani mwingine?"

"Sikumwambia mtu. Hata wewe sikukwambia! Nilisema kwenye Sikio tu."

"Ala! Basi Kasuku anampelekea Fisi."

Tunu, aliyekuwa amejificha nyuma ya turubai, akajitokeza. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, nitakwenda tu. Wadogo zangu wapate kula."

"Nyamaza!" Mama Tunu akalia kwa sauti. "Nyamaza, mwanangu, usinimalize."

"Huendi popote," Pimbi akasema. "Kesho tutamwambia Mama Tembo mwenyewe, uso kwa uso."

"Tutamwambiaje? Akija, Fisi habanduki ubavuni kwake. Umesahau safari ile aliyokuja? Asubuhi tuligawiwa mablanketi mapya, tukaambiwa tuimbe. Swala alipofungua mdomo tu, Fisi akadakia, 'Anasema ahsante, Mama!' Na mgeni alipoondoka, mablanketi yakakusanywa."

Pimbi akajikuna shavu, kwaru kwaru. Kisha akaanza kucheka peke yake.

"Basi tumbandue. Na atakayembandua ni huyo huyo Kasuku wake."

Kesho yake, du! du! du! Mama Tembo akaingia. Wanyama walikuwa wamepangwa mstari na mablanketi yale yale mabegani, wanaimba, jasho linawatiririka kwa jua. Fisi yuko pembeni ya mgeni, kizibao kimefuliwa kinang'aa.

"Hawa wote wanashukuru, Mama. Hawa nao wanashukuru. Yule anayelia pale, analia kwa furaha."

Pimbi akachomoka kwenye mstari, akanyata hadi kwenye gogo.

"Mama Tembo," akasema tunduni, "ni mimi, Pimbi. Nimeona magunia yalipofichwa. Leo ukimaliza kunywa chai nitakupeleka ukayaone mwenyewe."

Alikuwa ameona? Hakuona hata uzi wa gunia! Lakini Kasuku angejuaje?

Prrrr! Kasuku akaruka, akatua begani kwa Fisi, akamnong'oneza. Fisi akatoa macho. Mara akajishika tumbo.

"Samahani, Mama! Tumbo! Tumbo linanikata!"

"Pole, mwanangu. Umekula nini?"

"Maharage tu, Mama! Narudi sasa hivi!" Akatoka mbio, Kasuku nyuma yake.

Hapo hapo Pimbi akajitokeza mbele ya mgeni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgawaji wetu anaumwa. Si vizuri mgonjwa kuachwa peke yake. Twende tumpelekee maji ya tangawizi."

"Umesema jambo jema," Mama Tembo akajibu. Akainuka, na kilima kizima kikamfuata, kimya, wanakitazama kile kizibao chekundu kinavyopotea na kuonekana kati ya mawe.

Nyuma ya mawe kulikuwa na pango. Fisi alikuwa anatoa magunia ili ayahamishe, moja mgongoni, jingine analiburuta kwa meno, khaa! khaa! khaa!

"Kasuku, angalia njia! Yule Pimbi akimleta bibi mkubwa hapa, tumekwisha!"

"Ameshamleta," Pimbi akasema.

Puu! Gunia likaanguka, likapasuka, mahindi yakatapakaa hadi miguuni kwa Mama Tembo.

"Bwana Fisi, tumbo linaendeleaje?"

"Lina... linapoa, Mama. Mganga aliniambia kubeba mizigo ndiyo dawa."

Wanyama wakaangua kicheko. Mama Tembo hakucheka.

"Mama," Pimbi akasema, "pango hili mimi sikulijua. Nilisema uongo kwenye Sikio lako, na maneno yakamfikia Fisi. Wewe yalikufika?"

"Hayakunifika."

"Na Mama Tunu alisema humo mambo mazito. Yalikufika?"

"Hayakunifika. Kila akija, Kasuku huniambia, 'Wote wanashukuru.'"

Kasuku akaficha kichwa chini ya bawa.

"Basi yaishe, Mama," Fisi akasema haraka. "Magunia haya hapa, nayarudisha yote. Tusameheane."

"Magunia ndiyo madogo," Pimbi akasema, akamtazama rafiki yake.

Mama Tunu akasogea mbele. "Alimtaka mwanangu," akasema. "Alisema nimpeleke leo, la sivyo watoto wangu hawali."

"Mwongo huyo!" Fisi akafoka.

Ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma ya umati. Alikuwa binti wa Swala, kanga imemfunika hadi machoni.

"Si mwongo. Na mimi nina la kusema. Lakini si mbele yake."

"Mwondoeni," Mama Tembo akaamuru. Nyati na Kifaru wakamshika Fisi, wakamvua kizibao, wakamkokota kwenda kusubiri baraza la wanyama wote. Kasuku naye hakuachwa.

Mama Tembo akapiga magoti mavumbini, akamfunulia yule binti sikio lake mwenyewe. Wanyama wengine wakageuka wakatazama pembeni. Alichosema hatukijui, wanangu, nasi hatutakiuliza. Tunajua tu kwamba alisema kwa muda mrefu, na Mama Tembo alilia.

Kisha akasimama, akawageukia wote.

"Nisameheni. Niliwaambia mseme, halafu nikaliacha Sikio langu mikononi mwa yule yule mliyetaka kumsema. Kuanzia leo nitakaa na kina mama bila mgawaji kuwepo, na hakuna atakayekosa chakula kwa sababu ya alichosema."

"Tutaliangalia hilo, Mama," Pimbi akajibu, na Mama Tembo akaitikia kwa kichwa.

Jioni ikafika, saa ile aliyoambiwa Tunu akabishe hodi kwa Fisi. Alikuwa kwao, amemaliza kusonga ugali, wadogo zake wamezunguka chungu wakigombania ukoko. Mama yake alikaa karibu naye, anamtazama tu, chakula chake kinapoa.

Hadithi yangu imefika hapo, wanangu: ukitaka mnyonge aseme, usimpe anayemwonea kazi ya kumsikiliza.