Kikapu cha Saba cha Kindi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ulingo.

Tuuone!

Kaeni basi nje ya kamba, maana ndani wanapigana, na mimi siuguzi mtu.

Zamani wanyama walipopigana ngumi kwa sheria, alikuwepo bondia mdogo, jina lake Kindi. Msimcheke. Alipanda ulingoni mara thelathini na mbili. Kicheche alilazwa raundi ya pili. Nguchiro alishindwa kwa pointi. Hata Kanu, na meno yake yote, alitolewa damu puani. Kindi alishindwa mara tano tu, na zote tano atakuapia kwamba mwamuzi alikuwa na makengeza.

Halafu Nyani akachukua mkanda wa ubingwa, na mambo yakalala. Nyani alikuwa na nguvu, na alikuwa na tumbo. Kila aliyetaka kupigana naye aliambiwa alete chakula kwanza, bingwa ale, afikirie. Wakaleta mahindi, akala, akafikiria. Wakaleta ndizi, akala, akafikiria. Miaka sita Nyani anafikiria, na ulingo ukaota nyasi.

Wengine walizoea. Kindi hakuzoea. Wala hakuutamani mkanda. Alichokitamani ni sauti ya Kasuku, mtangazaji wa mapambano. Kasuku alikuwa akisimama juu ya nguzo ya ulingo, ananyamazisha msitu mzima, ndipo anaita: "Kiiindi! Mwana wa Mfenesini, mkono mwepesi, roho ngumu!" Akiitwa vile, Kindi alijiona mrefu kuliko mti. Siku hizi anaruka kamba peke yake asubuhi, tap, tap, tap, kisha anasimama, anatega sikio. Hakuna wa kumwita. Ilimuuma, jamani. Alitaka aitwe mara moja tu, wakiwa wawili ulingoni, kabla magoti hayajamkatalia kabisa.

Basi akaenda kwa Nyani na kikapu cha fenesi kichwani. Akamwamkia kwa adabu, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri, akaomba pambano.

Nyani akacheka mpaka akashika mti. "Wewe, mzee? Nikipiga chafya tu umekwenda."

"Ndiyo maana nakuomba mimi, Bwana Bingwa. Hutapata tabu. Na mpaka siku yenyewe nitakuletea fenesi kila siku."

Nyani akanusa kikapu. Safari hii hakufikiria. Wakaenda kwa Mzee Kobe, mwamuzi, akawapangia siku ya saba.

Sasa sikilizeni akili ya Kindi. Asubuhi ya pambano lazima bondia apimwe. Palikuwa na gogo juu ya mwamba, upande huu Jiwe la Mkanda, upande ule bondia. Mwepesi hana kosa. Akitaka kufa ni hiari yake. Lakini bingwa akikaa, jiwe likainuka, amezidi. Anapewa muda mpaka jua lifike utosini, akimbie, atoke jasho, apungue; asipopungua, anavuliwa mkanda. Kindi alipiga hesabu: Nyani ale vikapu sita, azidi kidogo, akimbie asubuhi nzima, apungue, kisha alasiri aingie ulingoni miguu imelegea kama uji. Hapo mzee anaweza kusimama naye raundi tatu, pengine nne.

Siku ile ya kwanza, kikapu kile kikawa cha kwanza. Nyani akala, nyam, nyam, akapapasa tumbo. Siku ya pili, kikapu cha pili. Nyani akala, nyam, nyam, akapapasa tumbo. Ikawa hivyohivyo mpaka cha sita. Jioni ile Nyani akatuma salamu kwamba fenesi ni tamu, aongezwe kingine. Kindi alijua sita vinatosha. Lakini woga ukamshika, akasema moyoni, je, kama hatachoka? Akapeleka cha saba.

Asubuhi msitu wote ulikuwa pale. Kindi akapanda, gogo halikutikisika. Nyani akapanda. Kwiii! Jiwe juu.

Nyani akavaa gunia ili atoke jasho, akakimbia, tifu, tifu, tifu. Akarudi, akapanda. Kwiii! Akakimbia tena, anahema kama mvukuto. Jua likafika utosini. Akapanda mara ya mwisho, na jiwe likainuka kiasi cha kidole. Kidole kimoja tu, watoto wangu. Kile kikapu kimoja.

Kobe akatangaza kwamba bingwa ameshindwa na mizani, na mkanda ni wa Kindi. Wanyama wakapiga vigelegele, wakamfunga mkanda, ukamzunguka mara tatu.

"Na pambano?" Kindi akauliza.

"Na nani?" Kobe akasema.

Nyani alikuwa amelala chali. Kindi akamkimbilia, akamshika mkono. "Amka, ndugu yangu. Raundi moja tu. Mkanda nitakurudishia."

"Mzee, niache," Nyani akasema. "Na fenesi nisilione tena maisha yangu."

Kindi akamgeukia Kasuku. "Mama Kasuku, niite basi. Hata hapa chini."

Kasuku alimhurumia, tena sana. Walizeeka pamoja hao. "Ningekuita, Kindi. Lakini jina la bondia huitwa wakiwa wawili ndani ya kamba. Nikikuita ukiwa peke yako, itakuwa kama naita marehemu."

Kindi akasubiri wa kumpinga. Hakuja mtu. Msitu mzima ulikuwa umejua mkanda aliupataje, na akimkaribisha mgeni hata embe moja, mgeni anatimua mbio. Bingwa akakosa wa kupigana naye.

Ndiyo maana mpaka leo mkimwona Kindi amesimama kwa miguu miwili, mikono kifuani, masikio wima, msidhani anawaogopa. Anasikiliza kama anaitwa.

Funzo lake? Usifanye kazi nusunusu. Ukianza kulisha, lisha mpaka kikapu cha mwisho.

Ngano yangu imeteremka ulingoni, atakaye kuipiga aikimbize. Na nyinyi mkimpita Kindi njiani, hata kama hamna haraka ya kupigana, mwiteni jina lake.