Digidigi Anaaga Kwenda Kisiwa cha Mapera

Hapo zamani za kale, zamani kweli kweli, wakati twiga bado ana shingo fupi na anaazima ngazi kwa jirani, kulikuwa na kijiji cha wanyama kando ya ziwa. Kila nyumba ya kijiji kile naijua. Msinikodolee macho. Mimi niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa cha kunifundisha.

Katika kijiji hicho aliishi Digidigi. Mnamjua Digidigi? Ni kama mbuzi aliyenyeshewa akasinyaa. Miguu yake, hata uikusanye yote minne, hupati mswaki mmoja. Lakini mbio sasa. Akienda kisimani, anarudi kabla hajaondoka.

Kosa lake lilikuwa hilo tu, mbio. Maana kila mwenye mwili mkubwa alimtuma yeye.

"Digidigi, nichotee maji." Digi digi digi, amekwenda.

"Digidigi, kuni. Halafu upitie kwa fundi uniulizie kigoda changu." Digi digi digi.

"Digidigi, nikune mgongo." Na mgongo wenyewe ni wa tembo, watoto. Kuukuna kutoka mwanzo mpaka mwisho, unafunga chakula cha njiani.

Waliomtuma walikuwa watatu. Wa kwanza Mzee Tembo, aliyeitwa Baba Mkubwa na kila mtu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine. Wa pili Nyati, ambaye alijiita shemeji. Shemeji kwa upande gani, hakuna ajuaye, ila kwenye kula alikula kama shemeji. Wa tatu Mama Kiboko, aliyevusha watu ziwani kwa mgongo wake, na akitoka majini anajilaza anasema amekufa.

Tena Mzee Tembo aliweka mwiko. "Anayekwenda safari hageuki nyuma. Akigeuka, nyumba yake inajaa kunguni wakubwa kama kobe."

Mwiko ule ulikuwa na kazi yake. Digidigi akitumwa, akishaipa nyumba mgongo, wale watatu walifunua chungu chake wakala. Akirudi anakuta ukoko.

"Kunguru hao," Nyati alikuwa akisema, huku anajifuta midomo. "Kijiji hiki kina kunguru wabaya sana."

Basi Digidigi akachoka. Si kuchoka kwenu huko kwa kufagia uwanja. Alichoka mpaka kivuli chake kikawa kinakaa chini njiani, kinapumzika, kinamfuata jioni. Akipiga mwayo, nzi wanaingia, wanaoana, wanatoka na wajukuu, ndipo anafumba mdomo. Na akilala anaota anatumwa.

Asubuhi moja alijitazama kwenye beseni la maji. Chini ya macho aliona mifuko ya kutosha kubebea viazi. Akasema polepole, "Hapana. Nakwenda Kisiwa cha Mapera. Siku mbili tatu tu. Nalala, naamka, nakula pera, nalala tena."

Kisiwa hicho kilikuwa katikati ya ziwa. Mapera yake makubwa, ukila moja unageuza ganda unalalia. Upepo unavuma taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto. Na zaidi ya yote, hakukuwa na wa kumtuma.

Sasa, kijijini kwao huwezi kuondoka bila kuaga. Ukiondoka kimya ni kama umewatukana wote pamoja na bibi zao. Kwa hiyo akaenda kwa Mzee Tembo.

"Hodi, Baba Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta maji?"

"Nimekuja kuaga. Naomba nikapumzike Kisiwa cha Mapera, siku mbili tatu."

"Kupumzika?" Tembo alilisema neno lile kama mtu aliyetafuna mchanga. "Umechoka nini wewe? Mwili wenyewe huo, uchovu utakaa wapi?"

"Umekaa kwenye magoti, Baba Mkubwa."

"Sasa mimi niseme nini, ninayebeba masikio haya tangu nizaliwe? Mimi ndiye niliyechoka." Akafikiri. Tembo akifikiri tumbo linanguruma. "Wazo zuri. Tutakwenda wote."

Digidigi alifungua mdomo, akaufunga. Hata kubisha kunataka nguvu.

Kufika jioni, safari ya Digidigi haikuwa ya Digidigi tena. Ilikuwa na kamati. Mzee Tembo mwenyekiti, Nyati ulinzi, Mama Kiboko usafiri.

"Na Digidigi?" aliuliza Mama Kiboko.

"Digidigi ni mambo mengineyo," alisema Tembo.

Watoto, mambo mengineyo ni kupika, kubeba, kuosha, kutandika na kukuna. Wakaanza kupanga.

"Mimi silali bila mto wangu," alisema Tembo. Mto wenyewe ulijazwa pamba ya mashamba saba.

"Mimi bila kinu changu siendi," alisema Nyati. "Kisamvu cha kinu cha watu hakinipandi."

"Shemeji, kule kuna mapera," alisema Digidigi.

"Pera ni chakula? Pera ni la kusukutulia."

"Sasa kisamvu atatwanga nani?"

Wote watatu wakamtazama yeye.

"Na mimi nipakwe mafuta mgongoni, asubuhi na jioni," alisema Mama Kiboko. "Jua la kisiwani halina adabu."

Vikao vikaendelea. Leo kikao, kesho kikao cha kujadili kikao cha jana. Walikaa kwa muda mrefu mpaka buibui akafunga utando kati ya pembe za Nyati, akazeeka, akaacha urithi. Na kila kikao kilitaka chai, na chai alichemsha nani? Kupanga kupumzika kulimchosha Digidigi kuliko kazi za maisha yake yote.

Siku ya mwisho Tembo na Nyati waligombania nani atalala karibu na mlango.

"Wazee wangu," alisema Digidigi, na sauti yake ilikuwa imelegea kama kamba ya nguo iliyolowa, "kisiwani hakuna nyumba. Hakuna mlango."

"Basi utajenga," alisema Tembo.

Utajenga. Digidigi aliweka birika chini. Aliutazama mvuke unavyotoka mdomoni mwa birika, mpaka chai ya watu ikapoa. Kisha akauliza, kwa adabu sana, "Baba Mkubwa, ule mwiko wa kutogeuka nyuma, na majini upo?"

Tembo akakohoa. Angesemaje mbele za watu kwamba mwiko ule ni wa wenye miguu myembamba tu?

"Upo," alisema. "Majini ndiyo mbaya zaidi. Akigeuka mmoja, mnazama wote."

Nyati, ambaye haogopi simba, anaogopa maji tu na kunguni, akameza mate, gugu.

"Asante," alisema Digidigi. "Nilitaka kujua."

Asubuhi ya safari, Digidigi alibeba mizigo mpaka ufukweni. Mama Kiboko akaingia majini. Mgongoni mwake Nyati akakaa mbele, Mzee Tembo akafuata, yaani puu, na ziwa likapanda mpaka vyura wa upande wa pili wakahama. Mama Kiboko akabaki pua mbili tu juu ya maji. Nyuma ya Tembo ikapangwa mizigo: mto, kinu, vyungu. Juu ya mizigo ndipo angekaa Digidigi.

Kumbe Digidigi alikuja na kibuyu. Ndani ametia vijiwe. Akakifunga kwa uzi kwenye mdomo wa kinu, kining'inie. Akakigusa kwa kwato. Digi digi digi.

"Umeshapanda?" aliuliza Tembo, macho mbele.

Digi digi digi.

"Twende, Mama Kiboko. Mtu asigeuke."

Chubwi, chubwi, Mama Kiboko akaanza kuogelea. Digidigi alibaki ufukweni, kwato zake zimekauka kabisa, akawatazama wanavyokwenda. Hakucheka. Alikuwa amechoka mno kucheka. Alirudi nyumbani akitembea. Nasema akitembea, watoto, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Huko katikati ya ziwa Nyati akaingiwa na wasiwasi.

"Digidigi, upo?"

Wimbi likawainua, kibuyu kikagonga kinu. Digi digi digi.

"Yupo," alisema Tembo. "Anapanga mizigo. Hata majini hatulii yule."

"Mbona hajibu kwa mdomo?"

"Ana adabu. Wakubwa hawajibiwi ovyo."

"Nigeuke kidogo, Mzee? Jicho moja tu."

"Thubutu. Unataka kutuua?"

"Nyamazeni huko juu," alisema Mama Kiboko kwa puani. "Kila neno lenu lina uzito."

Wakafika kisiwani. Miguu ilipogusa mchanga, ndipo wakageuka. Mto upo. Kinu kipo. Vyungu vipo. Kibuyu kinacheza kwa upepo.

"Digidigi?" aliita Tembo.

Digi, kibuyu kikajibu.

Nyati alikichukua, akachungulia ndani. "Huenda ameingia humu," alisema.

"Mama Kiboko, rudi ukamlete," alisema Tembo.

Mama Kiboko alikuwa keshajilaza kwenye tope, jicho moja limefumba. "Nirudi na nini? Mgongo wangu umebaki ziwani. Nikiamka nitawaambia." Na jicho la pili likafumba.

Akalala siku hiyo, na iliyofuata, na zilizofuata. Na bila yeye hakuna aliyeweza kuondoka.

Sasa tazama mapumziko. Tembo alitwanga kisamvu, pigo moja tu, kinu kikawa kuni. Nyati akasonga ugali, mwiko ukanasa humo, na mpaka leo haujatoka. Mvua ikaja. Mto wa pamba ya mashamba saba ukanywa maji, ukawa mzito kuliko mwenyewe.

"Jenga kibanda," alisema Tembo.

"Mimi ni ulinzi. Wewe je?"

"Mimi ni mwenyekiti."

Wakakaa kwenye mvua, mwenyekiti na ulinzi, wanatazamana. Mapera yamejaa juu ya vichwa vyao, hakuna wa kumtuma ayachume.

Kijijini huku kimya. Digidigi alilala mpaka kitanda kikamwomba ageukie upande wa pili. Akaamka, akapika chungu cha maharage, akakila chote, mpaka chini kabisa. Hakuna kunguru aliyeonekana.

Siku Mama Kiboko alipoamka, aliwarudisha. Tembo alikuwa amekonda, masikio ndiyo yanamshikilia asipeperuke. Wakaenda moja kwa moja kwa Digidigi. Wakamkuta mlangoni, ana kifurushi kidogo mkononi.

"Ulituacha," alisema Nyati.

"Si mngegeuka mkaniona sipo, shemeji?"

"Kugeuka ni mwiko."

"Mwiko wa nani?"

Nyati akamtazama Tembo. Tembo akatazama kucha zake.

"Mimi nimeufuata miaka yote," alisema Digidigi. "Kunguru wenu wamemaliza vyungu vyangu, na sikugeuka hata mara moja. Mara hii moja nimewaachia na nyinyi muufuate, nimekosa nini?"

Nyati alijifuta midomo kwa mazoea, akakumbuka, akashusha mkono.

"Tuachane na hayo," alisema Tembo. Akajishusha chini, akajiegemeza ukutani. "Tumechoka, mwanangu. Tuchotee maji kwanza."

Digidigi alimtazama, akatazama na miguu yake mikubwa iliyojaa tope.

"Mmechoka nini, Baba Mkubwa? Si mlikwenda kupumzika?"

Tembo akaanza kupangusa tope miguuni.

"Haya, mimi mmenikuta naaga," alisema Digidigi. "Nakwenda Kisiwa cha Mapera, siku mbili tatu. Nani anakuja?"

Tembo akajificha nyuma ya Nyati. Nyati akajificha nyuma ya Tembo. Wakazungukana hivyo mpaka wakachimba shimo.

"Nenda peke yako," alisema Tembo. "Kabisa. Sisi kile kisiwa hata kwenye ndoto hatukitaki."

"Panda," alisema Mama Kiboko. "Wewe ni mwepesi kama unyoya. Nitaogelea huku nimelala."

Basi wakaenda. Hakuna kinu, hakuna mto. Walipofika katikati ya ziwa, Digidigi alisikia sauti kutoka ufukweni.

"Nichotee maji wewe."

"Chota wewe."

Digidigi akageuka nyuma. Akawatazama vizuri, taratibu, kwa macho yote mawili. Na hawakuzama.

Basi watoto, mwenzenu akisema amechoka mwacheni apumzike, msimpe na mito yenu abebe.