Tope Lililoshtakiwa Barazani

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma, mmesikia?

Tumesikia!

Basi mwenye masikio asogee, mwenye usingizi akalale kwao. Leo sina hadithi ya kubembelezea watu.

Hapo zamani za kale, wanyama wote wa bondeni walikunywa maji ya lambo moja. Hapakuwa na mto wala kisima. Palikuwa na lambo, basi. Kila mwaka mvua ilileta maji, na maji yalileta tope. Kwa hiyo kila mwaka, kabla jua la kiangazi halijakolea, wanyama waliingia lamboni wakazoa tope, ili maji yaliyojificha chini yapate kupanda.

Kazi hiyo ilikuwa na mila yake. Mila ilisema: hakuna kuzoa tope mtu akiwa na kinyongo, kwa sababu mkono wenye kinyongo huchafua maji. Kukiwa na ugomvi, kwanza liitwe baraza. Mshtakiwa aletwe mzima mzima, hata ukucha usibaki nyumbani. Ugomvi uishe, ndipo kazi ianze.

Mila nzuri. Walioiweka walikuwa na akili. Sijasema kwamba walioirithi walikuwa nazo.

Mtawala wa bonde alikuwa Chifu Ngiri. Ngiri mnamjua. Katikati ya lambo, pale penye tope zito kuliko kote, ndipo alipolala mchana kutwa, amefumba macho, masikio tu yakipunga nzi. Wenzake wakisema, "Tuzoe tope," yeye alisikia, "Tukuondolee kitanda." Lakini chifu hawezi kusimama mbele ya wenye kiu akawaambia kwamba yeye tope analipenda. Akamwita mpiga mbiu wake, Chiriku, ndege mdogo mwenye mdomo usiochoka.

"Chiriku, kuna ugomvi wowote nchini?"

"Hakuna, Chifu. Watu wanapatana. Wana kiu tu."

"Utafute. Ukiukosa, utengeneze."

Sasa mwaka huo jua lilikuwa kali kweli. Na Funo, mnyama mdogo wa vichakani, jamaa yake paa, alikuwa ametoka kujifungua. Mtoto mwenyewe hata kusimama alikuwa bado anajifunza. Mama asiyekunywa hana maziwa. Kila asubuhi Funo alikwenda lamboni akalamba tope lenye unyevu, akarudi. Maziwa yakapungua.

Funo akaenda kwa Chifu.

"Shikamoo, Chifu. Maji yamekwisha. Tuzoe tope, mwanangu ananyonya hapati kitu."

"Marahaba, Mama Funo. Pole. Kesho tu, tunaingia wote."

Kesho yake wanyama wakaja. Kabla hawajatia mguu, Chiriku akatua juu ya kichuguu, akaimba:

Simameni, simameni,
kuna kinyongo nchini!
Tope halizolewi leo,
kuna kinyongo nchini!

"Kinyongo gani?" wakauliza.

"Jana Fisi alicheka. Jiulizeni, alimcheka nani?"

Hapo kila mmoja akajitazama. Mwenye mkia mfupi akaona amechekwa mkia. Mwenye masikio makubwa akaona amechekwa masikio. Baraza likaitwa, Fisi akaletwa mzima mzima, hata ukucha usibaki nyumbani.

"Jamani, mimi ndivyo ninavyocheka," Fisi akasema. "Hucheka hata nikiwa na njaa."

Wapo waliomwamini, wapo waliosema huyo ana lake jambo. Wakabishana wee, jua likazama. Wakabishana tena kesho, na kesho kutwa. Mwisho wakakata shauri kwamba Fisi asicheke tena. Fisi akacheka. Wakarudi makwao wamechoka, na tope liko pale pale.

Funo akaenda kwa Chifu mara ya pili.

"Shikamoo, Chifu. Mtoto miguu inamtetemeka. Tuzoe tope."

"Marahaba, Mama Funo. Kwani nani amekataa? Kesho tu."

Kesho yake wakaja, na Chiriku akaimba:

Simameni, simameni,
kuna kinyongo nchini!
Tope halizolewi leo,
kuna kinyongo nchini!

"Kinyongo gani tena?"

"Twiga hainamishi kichwa akimwamkia Chifu. Anayemdharau Chifu ameidharau nchi!"

Baraza likaitwa, Twiga akaletwa mzima mzima. Miguu ilifika asubuhi, kichwa kikafuata baadaye kikiuliza kuna nini. Waliotetea shingo wakakaa upande huu, waliopinga shingo wakakaa upande ule. Ndugu wa tumbo moja wakaacha kusalimiana kwa ajili ya shingo isiyokuwa yao.

Siku zile zile vifaranga wa ndege Kwale wakafa kwa kiu, wote. Baraza likatuma rambirambi. Chiriku aliimba vizuri sana siku hiyo, mpaka wengine wakatokwa na machozi. Kisha wakarudi kwenye shingo.

Funo akaenda kwa Chifu mara ya tatu. Safari hii hakusema maneno mengi.

"Shikamoo, Chifu. Mwanangu hasimami."

"Marahaba," Ngiri akajibu bila kufumbua macho. "Kesho."

Nanyi mnajua kilichotokea kesho. Haya, niimbieni:

Simameni, simameni,
kuna kinyongo nchini!
Tope halizolewi leo,
kuna kinyongo nchini!

Safari hii Chiriku alileta kinyongo kikubwa kuliko vyote. Alisema, "Nani aliliona lambo hili kwanza? Babu yake Nyumbu, au babu yake Pundamilia? Maana mmoja ni mwenyeji hapa, na mwingine ni mgeni!"

Lo! Fisi na kicheko chake walisahauliwa. Nyumbu na Pundamilia, waliokula majani pamoja tangu utoto, wakatazamana kama hawajawahi kuonana. Na kwa kuwa walioshtakiwa walikuwa mababu, na mababu walikwisha kufa, na mila inataka mshtakiwa aletwe mzima mzima, wanyama wakatawanyika nyikani kutafuta mifupa. Mwenye kiu akabeba fupa la paja. Mwenye kiu zaidi akabeba fuvu. Wakaipanga barazani mstari wa mbele, mahali pa wakubwa.

Funo aliwatazama wakipita na mifupa. Moyo wake ulijaa hasira. Kulia hakulia, maana machozi nayo ni maji. Mwanawe alikuwa amelala kichakani, mdomo wazi. Funo akamlamba paji la uso, akaondoka, akapanda juu ya kichuguu alipokuwa Chiriku.

"Mimi nina kinyongo!" akasema.

Chiriku akafurahi, maana kinyongo kipya ni wimbo mpya. Ngiri naye akainua kichwa kutoka kitandani kwake.

"Sema, Mama Funo. Kinyongo ni kinyongo."

"Namshtaki Tope. Ameyalalia maji ya mwanangu."

Wanyama wakacheka. Fisi naye akacheka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwuliza anamcheka nani.

"Tope si mtu," Ngiri akasema. "Hana masikio, hana kinywa. Hawezi kushtakiwa."

"Hata mifupa haina masikio, Chifu, nayo imekaa mstari wa mbele."

Nyumbu akakohoa. "Chifu, ukisema Tope hashtakiwi, basi babu yangu naye atolewe barazani?"

"Na wangu?" akasema Pundamilia. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana tangu mifupa ije.

Ngiri akaona amenaswa. Akikataa, kesi ya mababu imekufa na kazi inaanza. Akikubali, kitanda chake kitaitwa barazani.

"Haya," akasema, "ashtakiwe."

"Basi aletwe," Funo akasema. "Mzima mzima. Hata ukucha usibaki nyumbani."

Wanyama wakaingia lamboni kumkamata mshtakiwa. Nyumbu akachimbua kwa pembe, Pundamilia akasukuma kwa kwato, Fisi akafukua huku akicheka. Wakabeba tope, wakalimwaga barazani, wakarudi, wakabeba tena. Walipofika katikati wakamkuta Chifu.

"Chifu, tupishe kidogo. Umemlalia mshtakiwa."

Ngiri akasogea. Angefanya nini?

Tope la kwanza lilikuwa kavu. La pili lilikuwa laini. La tatu likatoka na maji.

Hakuna aliyeita baraza. Kila mmoja alitia kinywa alipokuwa. Funo akanywa, akanywa, akanywa, kisha akakimbia kichakani, akajilaza ubavu karibu na mwanawe, akangoja. Mtoto akanyonya, akaacha. Akanyonya tena, akaacha. Funo akaogopa. Mtoto akanyonya mara ya tatu, na safari hiyo hakuacha.

Kule lamboni Chiriku alikuwa anaimba kuna kinyongo nchini, kuna kinyongo nchini. Hakuna aliyegeuka. Kinywa kilichomo majini hakijibu.

Waliposhiba, wakarudi barazani kumaliza kesi, maana mila ni mila. Funo naye akarudi. Wakamwuliza Tope ana lipi la kusema. Tope hakusema. Ndipo Funo akauliza, "Na siku zote hizi alizokuwa ameyalalia maji, alikuwa na nani?"

Wanyama wakageuka wakamtazama Chifu wao. Alikuwa amesimama pembeni, tope limemjaa mpaka masikioni.

Hawakumwua. Hawakumfukuza. Wakamwambia, "Tulikuomba kwa heshima, shikamoo juu ya shikamoo, hukutaka kujishusha. Sasa uchifu umekwisha. Utachimba kama sisi, na utachimba umepiga magoti."

Nendeni mkamtazame ngiri, hata leo. Akichimba, hupiga magoti. Na magoti yake yana sugu.

Basi funzo lake ni hili. Ukiona kila unapoomba maji unaletewa ugomvi, usimtazame unayegombanishwa naye. Mtazame aliyeyalalia maji.

Mimi nimefika mwisho. Ikiwa nzuri, ichukueni mkawape na wenzenu. Ikiwa mbaya, niachieni mwenyewe niliyeileta.