Jumbe Kombo na Mayai ya Buluu

Mwenye haraka asome polepole, kisha ampelekee ndugu yake mwenye tabia ya kuchaguachagua.

Mkulima Kombo alimpelekea mfalme yai la buluu, lililotagwa na kuku wake mmoja kwa bahati tu. Mfalme akalishika, akacheka kama mtoto. "Siku kijiji chako kitakapotaga haya matupu, nitakufanya jumbe."

Toka hapo Kombo hakuwa na raha. Alichagua majogoo, akapandisha, akangoja vifaranga wakue watage. Kila kuku aliyetaga yai la kahawia alikwenda chunguni. Majirani, wasije wakaachwa nyuma, nao wakachinja wao.

Akabaki kuku mmoja tu wa yai la kahawia, kikongwe mwenye kishungi, mali ya Mwanahawa, mkewe Kombo.

"Baba Chausiku, huyu niachie. Amekukosea nini?"

"Yai lake linatutia aibu."

Akamchinja, akamlisha mjumbe wa mfalme siku ile ile Kombo alipovikwa joho la jumbe. Mwanahawa hakula.

Vikapu vikajaa mayai ya buluu, mazuri hasa. Lakini hakuna kuku aliyeatamia. Wakishataga, hao, wanakwenda kuchakura. Kombo akawafunikia tengani juu ya mayai. Wakapiga kelele, wakayakanyaga. Ndipo alipokumbuka ni nani waliokuwa wakiyaatamia miaka yote: wale vikongwe wa mayai ya kahawia, walioangua kila walichowekewa bila kuuliza rangi. Mchagua nazi hupata koroma.

Akatuma watu vijiji vya jirani wakaombe japo mmoja. Wakarudi mikono mitupu. Huko nako walishaiga. Akajaribu pamba, akajaribu majivu ya moto. Mayai yote yakawa viza. Kisha mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukapita, ukazoa kuku waliobaki. Asubuhi hakukuwa tena na jogoo wa kuwika, na watu wakaacha kumwamkia jumbe wao.

Adhuhuri moja Mwanahawa alimkuta mumewe amechutama juu ya kikapu cha mwisho, ametandaza joho pande zote, jasho na machozi vinamtiririka.

"Mama Chausiku," alisema kwa sauti ndogo, "hebu tia mkono. Yamepata joto?"

Mwanahawa akapiga magoti, akatia mkono.

"Yamepata, mume wangu. Lakini yananuka."

Funzo: Usimwangamize mlezi kwa kuwa sura yake haikupendezi, uzuri usio na wa kuulea hufa mikononi mwako.