Mtungi Uliopakwa Rangi

Mtungi usiotoa jasho haupozi maji. Mmelisikia neno hili jana kwa kocha wenu, alipowakimbiza mpaka mkalalamika, na sasa mnaniuliza lilitoka wapi. Mnadhani ni la wahenga. Si la wahenga. Aliyelisema kwanza nilimwona kwa macho yangu, amekaa kwenye kigoda cha fundi Hoza pale Mombo, na kosa lililomfanya aliseme nililifanya mimi. Basi lilianza namna hii.

Mwaka huo kazi yangu ilikuwa kuchora vibao vya maduka. Nilifika Mombo nikitokea Korogwe, nikachora vibao vyote vya kuchora, kisha Hoza akanipa pa kulala, nikabaki. Hoza alikuwa fundi wa redio mwenye chumba kimoja, na ndani ya chumba hicho alikuwa na kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya kompyuta zilizokufa.

Kila asubuhi alikuja Mwalimu Mwajabu, mwalimu mstaafu, kusoma kitabu cha historia mbele ya maiki. Hoza alikuwa anamrekodi kwa ajili ya wanafunzi wasioona wa shule moja huko milimani. Mtihani wao wa kidato cha nne ulikuwa umebakiza wiki tano, na kitabu hicho hakikuwapo kwa maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa vidole. Wasipokisikia, wataingia mtihani mikono mitupu. Tukapeleka sura ya kwanza. Ikarudi na ujumbe: "Mashine ya kusaga tunaisikia vizuri. Mwalimu hatumsikii."

Haikuwa mashine ya kusaga. Zilikuwa feni za kompyuta. Mombo ina joto la kuivisha ndizi mfukoni, na kompyuta ikipata joto feni zake huvuma kama nyuki waliochokozwa. Tukajaribu kuitoa nje, nyaya zikapita dirishani. Siku hiyo hiyo mbuzi wa jirani akatafuna waya wa maiki.

"Tutaipoza kwa maji," Hoza akasema. "Gari linapozwa kwa maji, kompyuta ina nini?"

Nilidhani joto limempanda kichwani. Lakini yule bwana alikuwa na mikono ya ufundi. Alichonga sanduku la mbao, akalibandika ndani vipande vya godoro ili sauti isitoke. Feni zote akazing'oa. Juu ya prosesa, pale kompyuta inapochemkia, akafunga kikopo cha shaba alichokichomelea mwenyewe, maji yaingie huku yatokee kule. Mipira ilikuwa ile ya petroli ya pikipiki. Pampu ilikuwa ya tangi la samaki wa mapambo, haina sauti hata kidogo. Na maji yenyewe yangekaa ndani ya mtungi mdogo wa udongo, alioununua kwa Bi Kaluse mfinyanzi, kwa sababu kila mtu anajua maji ya mtungi ni baridi. Mtungi akauweka humo humo ndani ya sanduku, ubavuni mwa kompyuta.

Tukajaza maji, tukawasha pampu peke yake, tukangoja. Baada ya saa moja Hoza akapitisha kidole chini ya mtungi. Kikatoka kimelowa.

"Unavuja," akasema, na uso ukambadilika. Maji na umeme havijawahi kuwa marafiki.

"Usihangaike," nikamwambia. "Rangi ya mafuta ninayo."

Nikaupaka mtungi ule rangi ya buluu mara tatu, ndani na nje. Ukakauka, ukawa mkavu kama sahani. Niliona fahari, siwafichi.

Siku tuliyowasha mitambo yote, chumba kilinyamaza. Mwalimu Mwajabu alikaa, akavaa miwani, akatutazama. "Mmewasha, au umeme umekatika?" Tukacheka, akaanza kusoma. Alisoma sura ya pili, akaingia ya tatu. Kabla ya adhuhuri kompyuta ikapata moto, ikazimika yenyewe. Na kwa kuwa Hoza alikuwa hajahifadhi, asubuhi nzima ya kusoma ikapotea.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Mwalimu sauti ilianza kukwaruza. "Wanangu," akatuambia, "koo langu si la kuazima. Zimebaki siku kumi na mbili na sura tisa."

Hoza akampelekea Bi Kaluse ujumbe wa lawama: mtungi wako mbovu, unavuja na maji haupozi. Akaja mwenyewe, kanga kiunoni.

"Shikamoo, Bi Kaluse."

"Marahaba. Nasikia mtungi wangu unavuja. Uko wapi?"

Hoza akafungua sanduku. Yule mama akainama, akatazama, akainuka taratibu.

"Huu ni wangu?"

"Ni wako."

"Mbona umevaa suti?"

Hoza akanionyesha kwa kidevu. Bi Kaluse akatia mkono mtungini, akautoa upesi. "Haya ni maji ya kumkandia mzazi. Na wewe mchora vibao, kwenu mlikunywa maji ya wapi?"

"Ya mtungi, mama."

"Ulikuwa mkavu kwa nje?"

Nikakumbuka. "Hapana. Ulikuwa unalowa, mchanga wa chini unalowa."

"Mama yako aliupaka rangi?"

Bi Kaluse akavuta kigoda cha Hoza, akakaa. "Sikilizeni. Mtungi usiotoa jasho haupozi maji. Ule unyevu mliouogopa ndio unaoondoka na joto. Mkitaka chombo kisichopoteza hata tone, nunueni ndoo ya plastiki, muoge maji ya moto."

"Sasa jasho likiifikia kompyuta?" Hoza akauliza.

"Na nani kakuambia uvilaze kitanda kimoja?"

Akatuletea mtungi mwingine. Safari hii Hoza aliuweka nje ya sanduku, dirishani panapopita upepo, juu ya sinia la mchanga, mipira ikapita kwenye tundu. Mtungi ukatoa jasho mchana kutwa. Kazi yangu ikawa kuongeza kikombe cha maji asubuhi na kingine jioni. Kompyuta haikuzimika tena. Mwalimu Mwajabu alisoma sura tisa kwa siku nane, akinywa chai ya tangawizi kati ya sura na sura, na sauti yake ilipoisha, kitabu nacho kilikuwa kimeisha.

Baada ya mtihani ilikuja barua, imeandikwa na mwalimu wao kwa niaba yao. Walisema maswali manane kati ya kumi waliyatambua. Chini wakaongeza: "Mwalimu, tulikusikia hata ukimeza chai." Mwalimu Mwajabu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Kisha akasema koo sasa limepona, je, kitabu cha jiografia kipo?

Tangu hapo Hoza kila alipoona mtu anataka matunda bila kupungukiwa na chochote, alimtupia neno la Bi Kaluse. Wateja wakalibeba, nami nimelikuta mpaka Singida. Mwalimu alitoa koo lake, watoto wakapata kitabu. Kocha wenu naye anawadai kidogo tu, mashati yalowe. Mtungi usiotoa jasho haupozi maji.